Matairi Mazuri Niliyoyafunga Mbele

Bora niseme mwenyewe kabla mke wangu hajanisemea, maana yeye akiusimulia mkasa huu anaongeza chumvi mpaka wageni wananitazama kwa huruma: ndiyo, mimi ndiye niliyemwogesha mama mkwe wangu kwa tope, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, siku ileile niliyokwenda kumposa binti yake. Na ndiyo, kosa lilikuwa langu. Lakini mke nilimpata, kwa hiyo chekeni tu, nami nitacheka na ninyi.

Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya Kagera, masika yamekolea. Nilikuwa naendesha Pijo ya mjomba wangu Zakaria pale Biharamulo, na mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua tairi lilikuwa kitu gani. Dukani hakuna. Unaandika barua, unasubiri kibali, kibali hakiji, unaandika nyingine. Mjomba alisubiri mpaka akasahau, ndipo akapewa mawili tu, mapya, ya Ulaya, kashata zake (yale meno ya tairi) zimechimbika hata unazamisha kidole. Mawili mengine yalikuwa ya kuvalishwa, yaani tairi kongwe lililokwanguliwa na kubandikwa mpira mpya juu, kitu rahisi cha kila mtu. Kwenye vumbi huwezi kujua lipi ni lipi, yanakimbia vilevile, na mimi nilishawahi kubishana na watu kwamba ya Ulaya ni jina tu. Tofauti yake utaijua mvua ikinyesha. La Ulaya linatafuna tope na kulitema. La kuvalishwa linajijaza mpaka kashata hazionekani, na hapo linateleza kama ganda la ndizi.

Fundi Shabani aliyetufungia aliniambia vizuri kabisa, "Mwanangu, Pijo inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Haya mazuri tuyaweke nyuma."

"Fundi," nikamjibu (na hapo nimevaa bugaluu mpya na viatu vya raizoni vyenye visigino vya kupandia ngazi), "ukweni gari linapokewa kwa mbele au kwa nyuma?"

Akanitazama, akaitazama suruali yangu, akasema, "Haya bwana, wewe ndiye unayeoa." Akayafunga mbele. Nikayapaka mafuta ya taa kidogo yang'ae.

Sasa mjue kilichokuwa kinanipeleka kijiji cha Mabawe. Kulikuwa na Veneranda, aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika, na nilikuwa nampenda hadi chakula hakipiti. Baba yake, Mzee Leonidasi, katekista, hakutaka kusikia habari za dreva. Alimwambia mjomba, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, "Madreva ni waongo. Dreva anakwambia nafika sasa hivi, kumbe hata hajaosha uso. Huyo kijana wako aje Jumamosi kabla ya saa sita. Akichelewa, asije tena." Na haikuwa mikwara, kwa sababu karani mmoja wa ushirika alikuwa amekaa mkao wa kula, anasubiri tu nichelewe.

Basi tukatoka Biharamulo alfajiri, mimi, mjomba, na mitungi miwili ya pombe ya ndizi kwenye kiti cha nyuma, imefungwa majani vizuri. Njia nzima mvua, lakini njia nzima nasonga, hapa nikiyumba, pale nikipiga honi, mjomba anasali rozari, mimi naimba. Saa nne na nusu tuko chini ya kilima cha mwisho, kile cha kupandia kijijini, na nikamwambia mjomba, "Umeona? Wanaosema madreva ni waongo wakanywe uji."

Tukafika katikati ya kilima. Gari likasimama. Magurudumu ya nyuma yanazunguka, gari haliendi, nakanyaga zaidi, linarudi upande, nakanyaga tena, likaketi. Udongo mwekundu umefika kwenye ekseli. Na yale mazuri, ya Ulaya, yako mbele hayana kazi, yanang'aa.

Pembeni ya barabara palikuwa na shamba la kijiji, na Jumamosi ya kazi za kijiji ilikuwa haina udhuru, uwe na mgeni, uwe na posa, jina lako linaitwa kwanza. Wanawake kama ishirini walikuwa wanapalilia maharage. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, gari rimezama!" wakaacha majembe wakaja, Mungu awabariki, bila hata kuuliza ni la nani. Wakajipanga nyuma. Wakahesabu. Mimi, kwa kiherehere changu, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Tope lilitoka kwenye lile tairi la kuvalishwa la kulia kama uji unaomwagwa na mtu mwenye hasira. Wenzake walikwepa. Mama mmoja mrefu, aliyekuwa ameinama kuliko wote kwa sababu alikuwa anasukuma kweli, alilipokea lote, kuanzia kilemba mpaka miguuni. Nikashuka mbio kuomba radhi. Akajifuta macho. Nikamtambua, naye akanitambua.

(Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani machoni wala hawasemezani ana kwa ana, na hata kabla ya posa kukubaliwa, mwenye adabu huanza mapema.) Yeye akageuka haraka kuelekea migombani. Mimi nikageuka kuelekea bondeni. Tukabaki tumepeana migongo, tope linadondoka, na mjomba ndani ya gari amefunika uso kwa kofia. Nilitamani ardhi inimeze, ila nusu ya gari ilikuwa imeshamezwa tayari.

Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu, imetulia kabisa, anamwambia jirani yake, "Mwambieni huyo dreva kwamba sisi tumesukuma malori hapa wakati wa vita, yalipokuja kuchukua maharage ya askari, mpaka mabega yakaota sugu. Mwambieni ya mbele yanaongoza, ya nyuma ndiyo yanafanya kazi. Ayatoe yale mazuri ayalete nyuma, na afanye haraka, kwangu kuna wageni."

Jirani akanigeukia, "Umesikia?"

"Mwambieni nimesikia," nikasema.

Nikavua raizoni. Jeki ilikuwa inazama, wakailazia majembe matatu chini yake, wakaniletea mawe ya kushikilia gari, na mimi, na bugaluu yangu, nikalala kwenye lile tope nikafungua nati moja baada ya nyingine huku mjomba akinisomea saa. Saa tano na robo. Na nusu. Nilipofunga la mwisho, mama alikuwa ameshapita njia ya migombani kwenda kwake. Nikawasha. Nikakanyaga taratibu, kama mtu aliyefundishwa adabu. Pijo ikajinyanyua, ikatafuna, ikatema, ikapanda! Wanawake wakapiga vigelegele, wakapanda na sisi kwa miguu wakiimba kana kwamba harusi imeshakuwa.

Tukaingia uani saa sita kasoro dakika kumi. Mzee Leonidasi akasimama mlangoni, na wazee wenzake nyuma yake, akanipima kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, nikiwa mwekundu mtupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umewahi. Umeanguka?"

Hapo palikuwa na uongo mzuri sana umekaa mdomoni, umeiva. Naapa. Na wale wanawake wasingenisuta, walishanipenda. Lakini nikakumbuka neno lake kuhusu madreva. Nikasema, "Hapana, baba. Nilikwama kilimani kwa sababu nilifunga matairi mazuri mbele, ili ninyi muyaone. Nimempaka tope mama. Na aliyenitoa ni yeye."

Kisha ndani ya nyumba kikasikika kicheko cha mwanamke, kikubwa, cha kushika mbavu, halafu cha Veneranda juu yake, halafu wazee nao wakaangusha fimbo zao. Mzee Leonidasi hakucheka. Alinishika mkono wenye tope hivyohivyo akasema, "Ingia ndani. Dreva anayesema hivyo sijapata kumwona." Na karani wa ushirika, nasikia, alioa Kibondo.

Nikaapa siku hiyohiyo, sitafunga tena kitu kizuri pa kuonekana na kuacha pa kazi wazi, iwe gari, iwe nyumba, iwe neno. Nimekitunza kiapo hicho. Na mama mkwe, miaka yote aliyoishi baada ya pale, hatukuwahi kutazamana machoni hata mara moja. Ila nikifika kwake na gari, alikuwa anapita kwanza nyuma yake, anainama, anakagua matairi moja moja, ndipo anamtuma mtu aje kuniambia karibu.