Mpira Ambao Hakuukwepa

Agosti hii nilikuwa nyumbani Bomet na binti yangu, tumekaa kwenye veranda ya marehemu nyanya, yeye akitazama besiboli kwenye simu. Akaniuliza mbona yule mpigaji amegongwa na mpira kiwikoni na wenzake wanampigia makofi. Nikamweleza kwamba ukigongwa na mpira wa mrushaji unapewa besi ya kwanza bure, yaani kile kituo cha kwanza cha kukimbilia. Akataka kujua njia nyingine za kufika pale. Nikaanza kuzitaja moja moja, kisha nikaishia njiani, naye akadhani nimezisahau. Sijazisahau. Laiti ningezisahau.

Kaa hapa nikusimulie, maana hili miaka yote hiyo sikumwambia mtu.

Shule yetu ya msingi ilikuwa mpakani. Upande huu mashamba madogo ya watu kama nyanya, upande ule majani chai ya kampuni, kijani mpaka macho yanachoka. Asubuhi umande ulilowesha soksi, na kutoka kiwandani ikaja ile harufu ya majani yanayokaushwa, ambayo mpaka leo ikinipata mahali popote nasikia njaa. Mimi nilikamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Rafiki yangu, aliyekaa kambi ya wafanyakazi, aliteka maji kwanza, kwa kuwa mama yake alitoka kuchuma chai jua likiwa bado halijachomoza. Walikuwa watu wa upande wa ziwani. Saa ya chakula alinigawia omena, dagaa wa kwao, nami nikampa mursik, maziwa ya nyanya ya kwenye kibuyu. Kila siku alikunja uso, na kila siku aliyamaliza.

Mchezo wetu wasichana ulikuwa kati. Kama ulikulia huku huhitaji kuelezwa: wawili wanarushiana mpira wa makaratasi ya nailoni, ninyi wengine mko katikati mnakwepa, na ukiguswa umetoka. Rafiki yangu hakuguswa. Tulikuwa tunamwacha peke yake katikati mpaka kengele inalia, na warushaji wanaondoka wamenuna.

Tukiwa darasa la nane, mwalimu wa michezo alirudi kutoka semina na gongo moja, mipira mitatu, glavu zilizochakaa na karatasi za sheria za besiboli. Kofia ngumu hazikuwemo. Besi tulishona wenyewe kwa magunia ya mbolea tukayajaza nyasi kavu. Mwalimu alikuwa mtu wa kandanda, na zile karatasi za Kiingereza zilimshinda kabla ya ukurasa wa pili. Akanikabidhi mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilisifiwa, nisome na niwaeleze wenzangu kwa Kiswahili. Ungeniona nilivyotembea na zile karatasi, ungedhani nimeajiriwa na wizara.

Niliwafundisha vizuri, sitajinyima hilo. Ukiupiga mpira ukaanguka chini bila kudakwa, nawe ukaiwahi besi kabla mpira haujafika, umefika. Mrushaji akirusha ovyo mara nne nawe hukushawishika kupiga, unaweka gongo chini unatembea polepole kama bibi harusi. Ukikosa mara tatu umetoka, lakini kama besi ya kwanza haina mtu na mdakaji aliye nyuma yako ameuangusha ule wa tatu, kimbia, huenda bado ukawahi. Na mlinzi akiboronga, unafika kwa makosa yake. Nyanya aliposikia hayo alicheka, akasema hata hapa kijijini wako waliofika hivyo.

Ikabaki kugongwa, na hapo ndipo pagumu. Watoto wa kati hawagongwi. Mwili unakwepa kabla akili haijaulizwa. Mwalimu alipiga kelele wiki nzima tusikwepe, nasi tukakwepa wiki nzima.

Sasa sikiliza. Karatasi ilisema kwamba anayegongwa ni lazima awe amejaribu kukwepa. Akisimama makusudi ili apigwe, hapewi besi. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaielewa, nikaificha, nikidhani hakuna mwingine anayeijua. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuwa anakuja kututazama tukicheza na wageni kutoka upande wa Chebunyo, achague wawili wa kuwapa nafasi kwake mwaka unaofuata. Rafiki yangu alikuwa anapiga kabla yangu. Akiwa tayari kwenye besi, pigo langu lingemrudisha nyumbani, pale mpigaji anapoanzia, tupate pointi, na mimi ningeonekana. Ndivyo nilivyopiga hesabu, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Siku yenyewe, tukiwa tumesimama pembeni, nilimwambia asikwepe.

"Una uhakika?" akauliza.

"Iko kwenye karatasi."

Mrushaji wao alikuwa msichana mrefu mwenye mkono mzito. Mpira wa kwanza ulikuja juu. Niliona bega la rafiki yangu likianza kugeuka, vilevile kama kwenye kati, kisha nikaona akilizuia. Alijishika akasimama. Ukampata chini ya jicho la kushoto.

Na unajua alifanya nini? Alitupa gongo, akaweka mkono usoni, akaanza kutembea kwenda besi ya kwanza akitabasamu. Mwamuzi, aliyekuja na wageni na aliyezijua sheria, akamrudisha. Akasema hakukwepa, huo unahesabiwa mpira mbaya tu. Rafiki yangu akageuka kunitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Walimpeleka hospitali jioni hiyo. Jicho halikurudi. Mimi nilipiga mpira mara mbili siku hiyo, nikaonekana, nikapata nafasi, nikasoma, nikawa huyu unayemsikia. Yeye alimaliza la nane akaingia kuchuma chai na mama yake.

Kesho yake, baada ya yale maswali ya binti yangu, nilimtafuta. Kambi imebaki nusu, milango mingi imefungwa kwa misumari, kwa sababu mashine moja ya kuchuma chai sasa inafanya kazi ya wanawake wengi. Yeye alishaachishwa. Anauza mboga za sukuma na omena kwenye kibanda kando ya barabara. Aliniita madam, akanipangusia kiti, akanimiminia chai ya maziwa. Tukaongea habari za watoto. Akaniambia, bila mimi kuuliza, "Watoto wakiuliza hii jicho, mimi huwaambia nilikuwa mzito. Mpira ilikuja, sikutoka haraka."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, hata ile hesabu yangu, na nikalia mbele ya wateja wake.

Alifunga sukuma ya mtu, akampa, akangoja aende. Kisha akasema, "Hata ungeniambia, ningesimama tu, pengine mwamuzi hangeona. Nilitaka hiyo shule sana. Lakini ungeniambia."

Hakuniita madam tena, na hakuniambia nirudi. Nilimaliza chai nikashukuru. Nikirudi nilipita uwanja wa shule. Palipokuwa na besi zetu pameota nyasi, na hakukuwa na msichana hata mmoja anayecheza kati. Watu wa huku wanalaumu mashine kwa kila kilichopotea, na wana haki yao. Mimi nilichopoteza hakikuchukuliwa na mashine. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeamini kila nilichomsomea, na nilimsomea nusu.