Bafu Lililosahaulika Kwenye Orodha

Asidi ilimmwagikia mwanafunzi mkono wa kulia saa nne na nusu asubuhi, na mtunza maabara akawa amemfikia kabla bikari ya kioo haijamaliza kubingirika sakafuni.

Wanafunzi walimwita Mama Bikari. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameosha, amepanga na kuhesabu vyombo vya kioo vya maabara ile ya kemia, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mhadhiri mmoja alizoea kusema kwamba hata paka wa jikoni ana kelele kumzidi. Siku hiyo alimshika binti yule begani, akamsukuma mpaka kwenye sinki, akafungulia maji mpaka mwisho.

"Usiutoe mkono."

"Shangazi, unawaka!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usiutoe."

Binti alikuwa amefumba macho kwa nguvu, ijapokuwa usoni hakuguswa hata na tone. Maji ya sinki yalitoka membamba kama uzi. Mama Bikari akaagiza ndoo, akawa anamimina polepole juu ya mkono. Ndoo ya tatu ikiwa nusu, macho yake yakaenda kwenye kona ambako wanafunzi hutundika makoti. Makoti kumi na mawili meupe yalining'inia kwenye mnyororo wa bafu la dharura, lile la kummwagia maji mtu aliyeungua.

Bafu lile lilikufa kabla yeye hajaajiriwa. Mtu mmoja alilifunga kwa waya, mwingine akatundika koti, miaka ikaenda. Hata yeye kila asubuhi alitundika la kwake palepale.

Akamkabidhi mwanafunzi mwingine ndoo. Haikuwa kwa sababu ya mkono, maana ngozi ilikuwa nyekundu tu na muuguzi wa chuo alikwisha kufika mlangoni. Alikuwa amekumbuka orodha.

Mwaka uliopita, msanifu wa jengo jipya la sayansi alimwomba aandike kila kitu kitakachohitaji maji na bomba la kuyatoa katika maabara mpya. Mama Bikari aliifanya kazi hiyo kwa jioni tatu, akizunguka na daftari na kuandika alichokiona. Sinki kumi na sita. Mtambo mmoja wa kuchuja maji. Bafu hakuliona, aliona makoti. Akaweka sahihi chini ya orodha, na ramani ikachorwa kwa kuifuata.

Na leo, saa sita mchana, zege la sakafu lingemwagwa.

Alishuka ngazi na mikono yake ikidondosha maji. Karani wa idara alikuwa mdogo wake wa tumbo moja; alimkuta chumbani mwake akichapa.

"Dada! Umelowa hivyo kuna nini?"

"Sikuandika bafu la dharura. Jengo jipya halina bomba la kutolea maji yake. Wakishamwaga zege, basi tena."

Mdogo wake akainuka, akafunga mlango. "Nisikilize. Barua yako ya kupandishwa kuwa mkuu wa maabara ipo mezani kwa mkuu wa idara. Nimeichapa kwa vidole hivi. Imebaki sahihi tu. Leo ndiyo uende ukatangaze kwamba umekosea? Mbele ya wale watu wa saiti, na midomo yao ile?"

"Na mtu akiungua?"

"Ataoshwa kwa ndoo, kama siku zote. Bafu litawekwa baadaye."

"Robo saa ya bafu lile ni mapipa matano ya maji. Yaende wapi? Hili la kwetu unadhani lilifungwa waya kwa nini? Lilifunguliwa mara moja, maji yakafika kwenye nyaya za umeme, watu wakaliogopa. Jipya nalo litafungwa hivyohivyo."

"Lakini dada, wewe mtu akikukanyaga mguu unamwomba radhi wewe. Utawezaje kusimamisha zege?"

Akafungua mlango, akaenda.

Saiti ya ujenzi ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mihadhara. Sakafu ilikuwa bado wavu wa nondo uliolazwa juu ya kokoto, na katikati yake vichwa vya mabomba vilichomoza, vimezibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji. Alijua ni vingapi, lakini alivihesabu. Kumi na saba.

"Mama! Shuka kwenye nondo zangu! Hapa si sokoni!"

Msimamizi wa ujenzi alikuwa na kifua kipana na sauti ya kuamsha mtaa. Mafundi walimwita Honi, ila si mbele yake.

"Kuna bomba limesahaulika," Mama Bikari alisema.

"Nini?"

"Kuna bomba..."

"Sema usikike, mama. Hapa hatusomi midomo!"

Mafundi wakacheka. Akavuta pumzi.

"Kuna bomba limesahaulika!"

Hata yeye mwenyewe aliishtukia sauti yake. Msanifu, kijana mwenye buti safi kuliko za wote, akatoka kwenye kibanda cha ofisi na ramani kwapani. Alimsikiliza huku akipekua faili, kisha akachomoa karatasi.

"Orodha yako hii, shangazi. Nimeifuata neno kwa neno."

"Umeifuata vizuri. Kosa ni langu."

Kijana akairudisha karatasi kwenye faili. "Na mimi nilipaswa kuuliza," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulizaneni vizuri," Honi alisema, "lori limeshatoka kiwandani. Zege halilali, mama, wala halimsubiri mtu akumbuke. Nikilirudisha, nani atajibu?"

"Andika jina langu."

Fundi bomba, mzee mwembamba asiye na maneno mengi, alikuwa ameshachuchumaa akipima kwa kamba. "Kukata wavu, kuchimba mpaka bomba kuu, kuweka mteremko. Saa mbili."

"Una dakika hamsini!"

"Basi zibeni kipande hiki kwa ubao. Mwageni kwingine kote, mje mmalizie hapa. Zege lako lisilale, na mimi nisikimbizwe."

Honi akamgeukia msanifu. Msanifu akampigia simu mhandisi wa jengo. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akawa anatembea kando ya wavu, kwenda na kurudi, huku Honi akitazama saa yake kila alipogeuka. Mara ya tatu ikapokewa. Msanifu alieleza, akasikiliza, akaitikia ndiyo mara nne.

"Amekubali. Lakini ubao ukae pale utakapopita ukuta, ili kiungo cha zege kifichike chini yake."

Honi akafungua shajara ya saiti, akaandika akisema kila neno kwa nguvu: "Kazi imechelewa. Sababu: kosa katika orodha ya maabara." Akamgeuzia Mama Bikari. "Sahihi hapa. Nakala inakwenda kwa mkuu wa chuo."

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Alijua ni mdogo wake. Akaiacha itetemeke. Akatia sahihi, na chini yake akaandika jina kamili, herufi moja moja. Barua ile ya ukuu haikutiwa sahihi wiki hiyo, wala iliyofuata.

"Haya, mama," fundi bomba alisema. "Bafu likae wapi?"

Msanifu akaweka kidole kwenye ramani. "Hapa mwisho, karibu na mlango. Pana nafasi."

Kwenye karatasi palikuwa pazuri. Mama Bikari alimfikiria yule binti, jinsi alivyofumba macho.

"Meza ya asidi itakuwa wapi?"

Wakamwonyesha. Akaenda kusimama hapo, akafumba macho, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Huyu mama vipi?" Honi aliuliza. Mafundi wakashusha nyundo. Nondo ziliteleza chini ya viatu. Hatua ya tano aliyumba, mtu akamdaka kiwiko.

"Usinishike. Huyo atakayeungua huenda akawa peke yake."

Mkono ukamwachia. Hatua ya nane mguu wake uligonga kichwa cha bomba la sinki. Alidhani ananyoosha, kumbe alikuwa amepinda kushoto. Akapapasa hewa mbele yake, akasimama.

"Hapa," alisema, macho bado yamefumbwa. "Mtu hatafika mlangoni. Ataishia hapa."

Ilikuwa mita tatu kutoka mahali alipopaonyesha msanifu. Kijana alipima, akapima tena, halafu akachora msalaba mahali papya kwenye ramani. Fundi bomba akafunga waya kwenye nondo, karibu kabisa na ncha ya kiatu cha Mama Bikari.

"Mnashangaa nini?" Honi akanguruma. "Leteni mkasi wa nondo! Na nyinyi wa ubao, mbio!"

Lori lilikuwa linaingia getini, pipa lake likizunguka. Mama Bikari akafumbua macho, akasogeza mguu mmoja, kisha mwingine, ili mkasi upite.