Historia ya Italia Niliyomdanganyia Bibi

Kwetu Kariakoo, bibi yangu ni mke wangu. Msishtuke, ndiyo mila: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tunachambana tutakavyo na hakuna wa kununa. Nikitoka shule nasema, "Shikamoo, mke mkubwa." Naye, "Marahaba, mume suruali. Umeniletea nini?" Huwa sijaleta kitu.

Ndiyo maana baba alinituma mimi. Alikuwa amemaliza kujenga Chanika, nje kabisa ya mji, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunahama sote isipokuwa Bibi. Nyumba ya Kariakoo ni yake na hakutaka kutoka. Vyumba vyetu vingepangishwa wafanyabiashara waweke mizigo, yeye abaki peke yake chumba cha mbele, majirani zake mabelo, marobota ya mapazia. Baba alishambembeleza, shangazi alishalia. "Ongea na mkeo," baba akaniambia, na hakuwa anatania.

Silaha yangu ilikuwa kitabu. Mama alikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, si kwa kukisoma: ni kizito, anakandamizia mfuniko wa sufuria ya wali. Kinaeleza kwa Kiingereza historia ya mji wa kale huko Italia, uliokaa juu ya kilima kama kofia kichwani. Nilikisoma chote siku umeme ulipokatika na simu ikazima, msije mkanifikiria vingine.

Nikamkuta Bibi uani anachambua mchele. Nikakaa mkekani, kitabu mapajani.

"Mke wangu, sikia habari za wenzako wa Italia. Hawa walikaa kilimani hata Warumi hawajajulikana. Wakachimba mwamba, wakazungusha ukuta ili adui asipande."

"Na maji waliyapandishaje?"

"Punda."

"Masikini punda wa watu."

Nikaendelea kumsimulia taratibu. Warumi wakaja, wakaondoka. Wakaja matajiri wakishindana kujenga minara, kila mmoja akitaka wake uuzidi wa jirani.

"Kama hawa," Bibi akasema, akinyanyua kidevu kuelekea ghorofa la nyuma yetu, lililotunyang'anya jua la kuanikia nguo.

Kisha likaja tetemeko, kipande cha kilima kikaporomoka. Hapo ndipo nikachomeka uongo wangu. "Basi wakakaa kikao, wakasema twendeni bondeni kwenye nafasi. Wakahama wote, hadi vikongwe. Wakanenepa!"

"Wote?"

"Wote, wallahi."

Akaweka ungo chini, akavuta kitabu. Kiingereza hajui, lakini macho anayo. Akafunua, akafunua, kidole kikatua kwenye picha ya bibi kizee mmoja aliyevaa nguo nyeusi, ameketi kizingitini, paka miguuni.

"Na huyu? Walimsahau wakati wa kupakia lori?"

Nikaanza kumsaidia kuchambua mchele.

"Unaapa uongo mbele ya mchele wangu! Tubu, halafu nisomee kilichoandikwa."

Nikatubu, nikasoma. Ukweli haukunisaidia hata kidogo. Vijana walishuka mmoja mmoja kutafuta kazi, wazee wakabaki. Yule kizee wa pichani alizaliwa kwenye nyumba ile ile, na watoto wake walipomfuata wamchukue, aligoma. Kitabu kilimsifu. Nikajua kesi nimeshindwa, nikamsomea hata zile sifa.

Bibi aliendelea kufunua. Akarudi mwanzo, akaanza upya.

"Mbona sioni mtoto?"

"Wapi?"

"Humu mote. Naona kanisa, naona maua, naona paka. Mtoto anayeparamia ukuta, mtoto anayelia, hayumo."

Nikatafuta. Kweli hakuwemo.

"Sasa huyu anampikia nani?" Akamtazama yule mwenzake muda mrefu. "Na mimi nikibaki, nani wa kuniudhi? Mabelo?"

Nilitaka kusema kichekesho. Ninavyo vingi. Yakatoka machozi.

"Mwanamume mzima! Futa makamasi, unachafua kitabu cha mama yako." Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kichwani kwangu. "Kamwambie baba yako nakuja Chanika. Ila asinipakie kama kabati. Mtaa huu ulinipokea bibi harusi, nyumba kwa nyumba. Nitaaga nyumba kwa nyumba."

Kesho yake, baada ya Alasiri, akavaa baibui, akanishika bega. Tatizo ni kwamba nyumba anazozijua yeye siku hizi ni maduka. Hakujali. Kwenye duka la maua ya plastiki akapiga hodi.

"Karibu bibi, jumla na rejareja," akasema muuzaji, kijana tu.

"Sinunui, mwanangu. Hapa alikaa shoga yangu, tulikuwa tukisukana. Nimekuja kuaga, nahama."

Kijana akanitazama, akatazama wateja. Kisha akatoka nyuma ya meza, akavua kofia, akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili.

"Nenda salama, bibi. Tusameheane."

"Nimesamehe yote," Bibi akajibu, na hawakuwa wameonana hata siku moja.

Nyumba iliyofuata ilikuwa stoo, imefungwa kufuli. Akauaga mlango.