Biskuti za Ndizi Nilizompelekea Bwana Mizani

Wasomaji wenzangu, nianze na lililo zito ili nipate kupumua. Nilimlisha mtu mafuta ya ng'ombe, nikamwambia ni samli. Mtu mwenyewe ni Mhindu. Nilijua! Mtoto yeyote aliyekulia karibu na mji wa Arusha anajua kwamba Mhindu hali ng'ombe. Shetani msimsingizie, siku hiyo hakuwapo. Tulikuwa wawili tu, mimi na ulimi wangu.

Mimi ni Mmeru wa mlimani, kwetu ni kahawa, migomba na kanisa la Kilutheri. Nilibahatika kusoma chuo kikuu kule Kampala, na huko nikatumia miaka miwili kuchunguza jambo moja: unga wa ndizi. Ndizi mbichi ukizikata nyembamba, ukazikausha kwa njia niliyoigundua, ukazisaga, unga wake hukaa mwaka mzima bila kuingia mdudu wala kuvunda. Walimu wangu walinipa mkono. Nikarudi nyumbani na daftari langu na chupa ya unga wenye umri wa mwaka, nikiwa na hakika kwamba kabla ya mavuno ya kahawa nitakuwa na kiwanda.

Kiwanda! Kumbe kugundua ni kazi ndogo. Kazi ni kumpata mtu wa kutoa mtaji.

Bwana wa kilimo, Mwingereza, aliigeuzageuza chupa, akasema vizuri sana, akaandika barua, akaitia katika faili. Faili likalala usingizi mnono. Meneja wa benki akaniuliza nitaweka rehani nini. Nikasema kihamba cha baba. Akataka hati. Hati ya kihamba! Shamba la ukoo, babu zangu wamezikwa humo humo katikati ya migomba, nani ana hati? Nikaaga.

Wazee wa ushirika wa kahawa ndio walionimaliza. "Mwanangu," mmoja akaniuliza, "umekwenda mpaka Uganda kusomea ndizi?" Wakacheka mpaka nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nalia.

Akabaki yule Mhindu, mfanyabiashara mwenye duka jirani na chumba nilichopanga mjini, mtaa wa Kaloleni. Jina lake silitaji. Nitamwita Bwana Mizani, maana kila kitu alikipima, hata maneno ya watu. Alizaliwa hapa hapa Arusha, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno nimeyasikia. Niletee kitu cha kuonja Alhamisi."

Jumatano nikapanda nyumbani kwa Mama. Tukakanda unga wangu kwa maji na sukari, tukaoka biskuti juu ya kikaango. Mama akauma moja, akakohoa. "Hiki ni chakula au adhabu?"

Ni kweli zilikuwa kavu, lakini zilikuwa ndizi tupu, kama daftari lilivyosema. Mimi nikaziona haya! Miaka miwili ya kazi yangu, nikaionea haya kwa sababu ya kikohozi kimoja! Mama akavuta chungu chake cha mafuta ya dume la ng'ombe lililochinjwa Krismasi, akachota, akakanda upya. Lo! Zikatoka laini, zinanukia hadi barabarani. Sikumwambia zinakwenda kwa nani. Naye hakuuliza, alidhani nawapelekea Walutheri wenzetu.

Alhamisi Bwana Mizani aliishika biskuti kwa vidole viwili.

"Hamna ngano humu?"

"Hamna, Bwana."

"Mahindi? Mchele? Hata punje?"

"Hata punje. Ni ndizi tupu." Hapo nilikuwa nasema kweli, nikajisikia mtakatifu.

"Na mafuta?"

Jamani! Ningeweza kusema usile, nitakuletea nyingine kesho. Ni maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimeshakataliwa kila mlango, na huyu alikuwa ameshafungua mdomo. "Samli," nikasema. "Samli safi."

Akala. Akafumba macho. Akala ya pili, kisha akafunga nyingine kwenye karatasi akazipeleka ndani kwa mama yake mzee. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Jumamosi nitakuja kwenu. Nikiona jiko ni safi, mtaji nitatoa mimi, wa banda la kukaushia na mashine ya kusagia." Nilirudi chumbani nikiruka kama ndama.

Jumamosi akaja kweli, na gari lake likikohoa kwenye ule mlima. "Shikamoo, mama," akamwamkia Mama kwa heshima. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha migomba kwanza, kisha migomba tena, mpaka jua lizame. Mama hakunipa nafasi. Mgeni alipozisifu biskuti, alimshika mkono akampeleka jikoni, akafunua chungu.

"Siri ni hii, baba. Mafuta ya dume la Krismasi. Bila haya haziliki!"

Bwana Mizani alikitazama kile chungu. Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Akanigeukia mimi.

"Alhamisi ilikuwa siku ya mfungo," akasema. "Siku hiyo sisi hatuli nafaka. Toka hapa mpaka Nairobi, kila nyumba yetu hujiuliza ipike nini. Nilipokusikia unataja unga wa ndizi nilisema, Mungu ameleta. Ungenipa ule unga wako mkavu, ningeununua wote."

"Ulikuwa hauna ladha," nikanong'ona.

"Nani alikuuliza ladha? Mama yangu amekula ng'ombe siku ya mfungo."

Akaondoka. Mama alipoelewa, alikaa chini palepale jikoni akalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu Mama aliteremka mjini kwa miguu na kopo la unga mkavu. Alimwambia Bwana Mizani, "Mafuta niliyatia mimi, uongo aliutia mwanangu. Mimi nimekuja kuomba radhi kwa sehemu yangu." Akapelekwa ndani kwa yule bibi. Walizungumza nini sijui, maana Kiswahili cha bibi ni cha kuokoteza, na cha Mama ni cha sokoni tu. Najua alitoka na mtaji.

Ndiyo, Mama! Banda limesimama, mashine inanguruma, na wanawake wa kanisani wanakata ndizi kwa njia iliyomo katika daftari langu. Mapatano ni kati yake na Bwana Mizani. Mimi, msomi wa Kampala, nabeba magunia.

Ninyi vijana mnaorudi na vyeti, nisikilizeni. Ukienda kumwomba mtu mtaji, mpelekee kitu chako kilivyo, hata kama kinamkohoza mama yako. Akikuuliza, mjibu lililo kweli. Njia ya mwongo ni fupi, yangu iliishia jikoni kwetu.

Kesho ni siku ya kupeleka unga. Wengine wakipeleka mizigo yao, Bwana Mizani hupima tu. Nikipeleka mimi, hufungua kila gunia, akainama, akanusa.