Safari ya Kumjua Mume Wangu

Nilikuwa nimeolewa miaka miwili na sikuwahi kumwona mume wangu akila. Msishangae. Mimi ni wa Bunda, nikaolewa Mugango, kwenye nyumba ambayo wanaume walikula uani, wanawake tulikula jikoni, na mkwe mgeni alikula kageukia ukuta. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari mjini Musoma. Alikuja Jumamosi, Jumapili tukaenda kanisani, yeye mbele na kaka zake, mimi nyuma na mama mkwe, halafu Jumatatu alfajiri akaondoka. Nilimjua mama yake kuliko nilivyomjua yeye.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Hakuwa mbaya. Lakini nilitaka kuishi na mume, na mume mwenyewe alikuwa tayari amepata chumba Nyasho, huko huko Musoma. Aliniambia nyuma ya zizi kwa kunong'ona, utadhani kaiba mbuzi. Kilichobaki ni yeye kumwambia mama yake kwamba ananichukua.

"Nitasema," akasema.

Mwezi ukapita, nitasema. Wa pili, nitasema. Mwanaume anayeshika waya wa moto bila kukunja uso alikuwa anamwogopa mama asiyemfika begani. Nikaanza kujiona nimezeekea kwenye jiko la ukweni.

Siku moja gari la Wazungu wawili, mke na mume, likaharibikia karibu na gereji alikofanya kazi mume wangu. Kila mmoja alikuwa na begi mgongoni. Hawakuwa wanaenda msibani, hawakuuza kitu, wala hawakutumwa na mtu. Walikuwa wanatembea tu, wanaangalia nchi za watu. Mume wangu alirudi Mugango Jumamosi ile macho yanamng'aa: na sisi tutatembea, mpaka Kenya. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tena, yeye likizo anayo, na shanta lake la jeshini, lile begi la mgongoni, lilikuwa linaliwa na panya bure.

"Mnaenda kumzika nani?" mama yake akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Tunaenda kutembea."

"Hapa hakutembeleki?"

Sabuni ndiyo iliyotuokoa. Miaka ile maduka yetu yalikuwa yamebaki na rafu na muuzaji, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Mama mkwe akasema sawa, twendeni, lakini tusithubutu kurudi bila sabuni.

Kwenye basi la kwenda Sirari nilimwambia mwenzangu neno moja. "Tukirudi usiposema, mimi naenda zangu Bunda kwa baba. Na sitarudi." Sikuwa natania, na yeye aliona. Akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani mpaka Tarime.

Kisumu tuliingia hotelini kula mchana. Mhudumu akaleta sato mzima na ugali, akaweka katikati ya meza, akaondoka. Nikamwangalia mume wangu, yeye akaangalia samaki. Nikafanya alichonifundisha mama: nikakata ugali wangu, nikachukua kipande cha mkia, nikainuka na sahani yangu moja kwa moja hadi jikoni. Nikawasalimu wapishi, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kula.

"Mama, umepotea?" mpishi mmoja akaniuliza.

"Hapana, nakula."

"Lakini wewe ni kastoma! Wa kwako si yuko huko mbele?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikarudi mezani nimeona haya hadi masikio yanawaka, nikamkuta mume wangu hajagusa chakula. Alikuwa ananisubiri. Tukala kutoka sahani moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mtu anaanza kula jicho la samaki kwanza. Miaka miwili ya ndoa! Nilipomwambia kwamba mimi pia napenda jicho, akageuza samaki, akanipa la upande wa pili.

Tangu hapo mdomo wake ulifunguka. Kumbe alikuwa mwongeaji. Kumbe aliimba sauti ya nne akivaa viatu. Kumbe alikuwa ameniona mara ya kwanza Butiama kwenye harusi ya binamu yake, nimekasirika kwa sababu mtu kanimwagia togwa, akasema moyoni: huyu mwenye hasira ndiye. Mimi nilidhani wazee ndio waliochagua.

Nairobi baridi ilitutia adabu. Tulizunguka na shanta letu, tukilibeba kwa zamu, shingo zimepinda kwa kutazama maghorofa. Mahali fulani nikaona watu wamejipanga mstari. Sikuuliza. Nikamwachia mume wangu mkono, nikakimbia kujipanga. Nilipotulia ndipo nikamuuliza dada aliyekuwa mbele yangu wanatoa nini, sukari au sabuni. Akanitazama kwa huruma. "Hatupewi kitu, tunangoja basi." Mume wangu naye alikuwa ameshajipanga nyuma yangu, ili tupate migao miwili.

Mombasa ndiko alikotaka kujidai. Yeye ni mtu wa ziwa, alisema, maji hayamtishi. Tukavuka Likoni, tukatafuta ufuko usio na watu. Nikafua, au nilijaribu kufua, maana sabuni ilikataa kabisa kutoa povu kwenye yale maji ya chumvi. Tukaanika nguo kwenye mawe ya chini kama tunavyoanika Mugango. Akavua suruali, akaiweka kwenye jiwe, akaingia majini na kaptula ya ndani.

Baada ya muda nikamwambia maji yanasogea.

"Maji yanasogeaga wapi, wewe mwanamke? Maji yanakaaga palepale."

Ziwani kwetu ndiyo, yanakaa palepale. Bahari haikujua desturi hiyo. Tuliliwahi shanta likiwa limelowa chini, na mashati mawili. Suruali tuliiona mara ya mwisho inaelekea India. Ndani ya shanta zilibaki nguo zangu tu. Nikamfunga kanga yangu kiunoni, tukarudi kwenye kivuko, yeye anatembea kwa kuhesabu hatua.

Pale kivukoni mama mmoja wa pwani akamzunguka nyuma, akasoma maandishi ya kanga kwa sauti: "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi." Akamwuliza, "Haya mwanangu, radhi ushapewa?"

"Bado, mama," mume wangu akajibu kwa adabu. "Sijaomba."

"Waogopa nini?"

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye saruji. Nilimpenda siku ile. Nilikuwa nimeolewa naye kabla, lakini kumpenda nilianza pale, amevaa kanga yangu na miguu yake myembamba.

Hata hivyo, tulipokaribia nyumbani alinyamaza tena. Tukafika Mugango na sabuni, mama mkwe akazinusa moja moja kwa furaha. Jumamosi ikapita. Jumapili jioni nilikuwa nasonga ugali, na sanduku langu nimeshalifunga. La kwenda Nyasho au la kwenda Bunda, nilikuwa sijui.

Mume wangu akaja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Unataka nini jikoni kwangu?" mama yake akauliza.

"Mama, nimepata chumba Nyasho. Kesho namchukua mwenzangu." Alisema yote kwa pumzi moja.

"Kumbe unaongeaga," mama mkwe akasema. "Chumba unacho siku zote hizo, Mugango nzima wanajua. Nilikuwa nangoja useme. Mchukue." Akamsogezea kigoda. "Ila kaa kwanza. Tangu mrudi mkiangaliana tu mnacheka. Mnacheka nini?"

Tukatazamana, tukaanza tena. Nikamsimulia yote, na mume wangu akawa ananisahihisha. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akamtazama mwanawe.

"Baba yako nilimzaliaga watoto saba," akasema. "Nikamuuguza, nikamzika. Mpaka leo sijui alikuwaga anacheka nini."