Molekuli Iliyozimwa Mkonze

Mawingu yaliponguruma juu ya Mkonze, Anyesi alifanya kama bibi yake alivyomzoesha tangu utotoni. Alimvua mwanawe Jordan sweta jekundu, akafunika kioo kwa kanga, akachomoa televisheni, akachomoa na friji ya mwenye nyumba. Ndipo akakumbuka chumba cha Silvano.

Silvano alikuwa mpangaji mwenzake, kijana anayesomea kemia shahada ya pili pale chuo kikuu. Alikuwa amekwenda Kolo kumzika shangazi yake, akamwachia ufunguo. "Mama Jordan, niangalizie chumba. Kompyuta iache tu, iko kazini."

Anyesi aliitikia. Lakini sasa radi ilipasua karibu kabisa, na kukiacha chumba cha mtu kiungue wakati ufunguo anao yeye, hilo asingeweza kulieleza popote. Akaingia, akachomoa waya ukutani. Kisanduku cha betri chini ya meza kikaanza kulia pii, pii, pii. Akadhani kinaungua. Akakibonyeza kitufe mpaka kikanyamaza, na skrini ya kompyuta ikawa nyeusi. Akashusha pumzi. Chumba kimepona.

Silvano aliporudi hata begi hakulitua.

"Nani amezima?"

"Mimi, kaka. Radi ilikuwa inapiga hapahapa."

"Mama Jordan! Umeniulia molekuli yangu!"

Anyesi akatazama sakafuni, akatazama juu ya meza. Hakuona kitu. "Ilikuwa wapi?"

"Humo ndani. Yaani... bado haipo. Ndiyo naibuni."

Akamweleza, huku anajikuna kichwa. Skrini za simu nzuri zinang'aa kwa molekuli ndogo ndogo zinazotoa mwanga. Nyekundu na kijani hazisumbui sana, ila buluu huchoka mapema. Yeye amechora umbo jipya, vipande vya pembe sita vimeshikana kama sega la nyuki, na kompyuta ilikuwa inahesabu kama umbo hilo litatoa buluu na kama litadumu. Hesabu yote imepotea, maana hakuipangia kujihifadhi katikati. Na Ijumaa mwalimu wake, Dokta Nazish, anachagua nani aingie maabara kuitengeneza molekuli yake. Asiye na majibu haingii.

Anyesi alijua kuomba radhi kwa sahani iliyovunjika, hata kwa maziwa yaliyomwagika. Kwa kitu ambacho bado hakipo, mtu anaanzia wapi?

"Nitakwenda kwa mwalimu wako mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitajua nikifika."

Ijumaa akaenda chuoni, Jordan mgongoni, Silvano mbele kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Anyesi akasema yote, mpaka ile pii pii. Dokta Nazish, ambaye kwao wana duka la vitambaa mjini, alisikiliza bila kumkatiza.

"Na kioo ulikifunika?"

"Nilikifunika."

"Mama yangu naye hufunika mpaka leo." Akamgeukia Silvano. "Na wewe wa Kolo, kwenu hamzimi?"

"Tunazima, Dokta."

"Sasa ulitegemea nini?"

Dokta akafunua orodha ya majina mezani.

"Nafasi nampa mwenzako Ulimboka, hesabu zake zimekamilika. Wewe rudia. Ukileta majibu mazuri, zamu inayofuata ni yako."

Anyesi hakuelewa kama hapo wamesamehewa au wameadhibiwa. Alitazama uso wa Silvano apate jibu, lakini naye uso wake ulikuwa unauliza vilevile.

Dokta akatoa kichupa chenye molekuli iliyokwisha kutengenezwa zamani, unga mweupe kama wa muhogo. Akakiweka chini ya taa ya zambarau. Unga ukawaka buluu, buluu ambayo Anyesi hakuwahi kuiona hata kwenye kitenge. Jordan akanyoosha mkono. Taa ikazimwa, unga ukarudi kuwa unga.

"Na ile niliyoizima, ingewaka hivi?"

"Huenda. Au ingekuwa kijani. Au isingewaka kabisa."

"Kwa hiyo sijui nilichoharibu."

"Hata sisi hatukijui, mama."

Jioni Silvano akaianzisha hesabu upya. Mwezi uliofuata, hesabu ikiwa bado inaendelea, alitakiwa tena Kolo, kwenye arobaini ya shangazi, akamwita Anyesi chumbani kwake, ufunguo mkononi.

"Safari hii usiguse kitu. Hata radi ikipiga."

"Na nyumba ikiungua?"

Silvano akageuka. Akaitazama kompyuta, akamtazama Jordan aliyekuwa ameshika mguu wa meza anajifunza kusimama.

"Basi... mtoe mtoto kwanza," alisema.

Anyesi akasubiri amalizie. Silvano akampa ufunguo, na Anyesi akaupokea kwa mikono miwili.