Goti la Baba na Gari la Gia

Baba alipoanza kuumwa goti la kushoto, mimi ndiye niliyesema tubadilishe gari. Nilimwona kila asubuhi akitoka Timbwani: kila akikanyaga klachi anauma meno, na foleni ya feri ni kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mpaka jasho linamtoka. Gari la otomatiki lingempumzisha mguu ule kabisa.

Kakangu mkubwa hakutaka kusikia. "Otomatiki ni gari la wanawake," alisema mbele ya Baba, akicheka. "Unataka watu wamwone mzee wetu amekuwa bibi?" Mnunuzi wa gari niliyemtafuta alipokuja, kakangu alimfukuza mlangoni. Baba hakumzuia. Tangu mama afariki, neno la kifungua mimba wake lilikuwa zito kuliko maumivu yake mwenyewe.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka hospitali ng'ambo ya kivuko, mimi na Baba. Feri ilipofunguliwa upande wa Likoni tukaanza kupanda ule mwinuko, watu wamejaa pande zote. Gari la mbele likasimama ghafla, Baba naye akasimama. Alipotaka kuondoka tena, goti likamchoma, mguu ukaponyoka kwenye klachi, injini ikazima. Tukaanza kurudi nyuma.

"Baba, breki!" nilipiga kelele.

Nyuma yetu kulikuwa na msukuma mkokoteni wa kabichi. Aliruka, lakini chuma cha mkokoteni kilimchuna muundi, na kabichi zikaporomoka hadi majini. Watu wakagonga paa la gari. "Mzee, kama huwezi, kaa nyumbani!"

Baba aliteremka akichechemea, akamshika yule mtu mkono. "Nisamehe, mwanangu. Wallahi sikukusudia." Sijawahi kumwona babangu akiomba radhi mbele ya watu. Msukuma mkokoteni alimwonea huruma, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Nyumbani kakangu alisikiliza habari yote, kisha akasema, "Basi Baba uzee umekuingia. Uache kuendesha."

Damu ilinipanda. "Uzee? Ni wewe! Umemfanya atese mguu wake ili wewe usione aibu barazani! Mtu angekufa leo, ungesema nini? Kwamba alikufa kiume?"

"Usinipandishie sauti, mimi ni mkubwa wako."

"Ukubwa wa nini?"

Baba alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cha maji ya moto gotini. "Liuzeni," alisema. Kakangu akafungua mdomo. "Nimesema liuzwe."

Tukalipata la otomatiki Changamwe, dogo, rangi ya maziwa. Siku ya kwanza Baba mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta klachi isiyokuwapo, kisha akauzoesha kutulia. Sasa anakwenda hadi Mishomoroni kumwona dada yake, anarudi akitabasamu.

Juzi gari la kakangu liliharibika. Akaja kwangu, macho chini, akitaka kuazima lile la wanawake.

"Mwenyewe yumo ndani," nilimwambia. "Kamwombe, na umwombe vizuri."

Baba alimpa funguo bila hata kumuuliza anakwenda wapi. Nikaingia jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa zimeshaoshwa, maana ningebaki pale ningesema neno ambalo halirudi. Kakangu hakumwomba Baba radhi. Mpaka leo hajaomba.